Waacheni na Tamthilia Zao, Tuulize Kifurushi

Kila tukirudi chuoni baada ya likizo, kuna lalamiko moja linalozunguka vimbwetani mpaka nimelikariri. Mmoja karudi kutoka kwao Njombe, mwingine Masasi, mwingine Sengerema, na wote wanaleta ripoti ileile: "Aisee, wazee wameharibika kabisa. Ikifika saa mbili usiku nyumba nzima imekodolea macho tivii. Maongezi hakuna tena. Ni tamthilia za Kituruki tu, mara za Kihindi, mara za Kifilipino." Halafu anamalizia kwa sauti ya semina: utamaduni wetu unakufa.

Mimi kwetu ni Zirai, kwenye milima ya Usambara upande wa Muheza, kule ambako shamba la iliki na mdalasini linaanzia nyuma ya jiko na kuishia msituni. Jioni za televisheni nimezikaa nyingi kule. Maoni yangu ni kwamba wanaosema televisheni imeua maongezi kijijini hawajakaa wakasikiliza. Maongezi yapo, tena ni mengi kiasi kwamba mtu aliyezoea kuangalia filamu ameziba masikio kwa eafoni atakereka. Kinachoyatishia ni kitu kingine, na hatukijadili kwa sababu tuko bize kuwacheka wazee. Kitu hicho ni kifurushi.

Neno "anasa" lina historia

Nyuma ya lalamiko letu limejificha neno moja: anasa. Tunaona televisheni kwenye nyumba ya udongo na akili zetu zinauliza, hivi hawa hawana mambo ya msingi?

Swali hilo si letu, tumelirithi. Zanzibar walianza kurusha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Bara tulisubiri miaka 20 na ushee. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba nchi inayohangaikia maji, shule na zahanati haina sababu ya kugharimia mitambo ya kuwaburudisha wachache wa mjini wenye uwezo wa kununua seti. Redio ilitosha. Mpaka 1994 ndipo vituo vya binafsi, ITV na CTN vikiwa miongoni mwa vya mwanzo, vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa, TVT, ambayo leo ni TBC1, ikafuata miaka kadhaa baadaye.

Siubezi msimamo ule. Kwa hali ya wakati huo ulikuwa na hoja. Lakini angalia serikali hiyohiyo ilifanya nini na redio mwaka huohuo wa 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi nchi nzima. Wanasikiliza kipindi pamoja, kipindi kikiisha hawatawanyiki. Wanabaki wanajadili na kuamua cha kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kulinda maji ya kunywa. Waliopanga kampeni ile walijua kwamba sauti ya redio peke yake haichimbi choo. Kazi inafanywa na watu wanaobaki pale wakibishana.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti waliulinganisha mkoa wa Dodoma, ambao kwa kipindi cha mwanzo haukurushiwa mchezo huo, na sehemu nyingine za nchi zilizousikia. Moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba mchezo uliwafungua watu midomo: mke na mume waliongea mambo ambayo zamani yalikuwa hayaongeleki, majirani wakawajadili wahusika kana kwamba ni watu wa mtaani kwao. Hadithi ya kubuni ndiyo iliyoleta mjadala wa kweli.

Kwa hiyo mtu akiniambia tamthilia ni upuuzi unaoua maongezi, namuuliza: umepata wapi hiyo? Historia ya nchi hii inasema kinyume.

Saa mbili usiku, Zirai

Nieleze jioni yenyewe, kwa sababu wengi wenu mnaihukumu bila kuiona.

Si kila nyumba ina seti. Nguzo za umeme wa REA zimefika baadhi ya vitongoji na vingine vinaziona kwa mbali. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000 na hilo lilisaidia sana, lakini kuunganishiwa ni kitu kimoja na kujaza LUKU kila wiki ni kitu kingine. Wengine wana sola inayowasha taa mbili na kuchaji simu. Basi nyumba yenye seti inakuwa ya wote. Kwa mjomba wangu, baada ya swala ya Isha unakuta lundo la ndala na mabuti mlangoni. Wazee wanakaa kwenye viti, vijana kwenye benchi lililotolewa jikoni, watoto mkekani. Majirani wanaokuja mara kwa mara wana ustaarabu wao: leo huyu kaleta mia tano ya LUKU, kesho yule kaleta ndizi. Hakuna aliyeandika sheria, ila kila mtu anaijua.

Kabla ya Isha ni katuni, seti iko mikononi mwa watoto. Saa mbili ni taarifa ya habari, na hapo ndipo kazi inapoanza. Bibi yangu Kiswahili anakielewa, lakini Kiswahili cha taarifa ya habari ni lugha nyingine. Mtangazaji anasema "wadau wa sekta ya viungo wamekutana kujadili mchakato wa kuongeza tija". Bibi anamgeukia mjukuu wa darasa la sita na kumuuliza kwa Kisambaa: anasemaje huyo? Mtoto lazima aamue hapohapo, mbele ya watu wazima 15, "wadau" ni akina nani. Siku moja alitafsiri kuwa ni watu wenye shauri na jambo hilo. Bibi akauliza, "Sisi wenye iliki tuliitwa?" Chumba kizima kikacheka, kisha kikanyamaza, kisha ukaanza mjadala wa mizani ya wachuuzi, nani anapanga bei, na kwa nini kilo ya shambani inakuwa pungufu ikifika barabarani. Mpaka tunarudi kwenye runinga, habari za michezo zilikuwa zimeshapita.

Niambieni, semina gani ya hapa chuoni imewahi kulichambua neno "wadau" vizuri namna ile?

Waingereza wanacho kipindi kinaitwa Gogglebox, kilichoanza Channel 4 mwaka 2013, na Ireland nao wana toleo lao tangu 2016. Kamera zinawekwa kwenye sebule za watu wa kawaida, na unachokiangalia ni familia hizo zikiangalia televisheni za kwao: wanavyobishana, wanavyowatukana wanasiasa, wanavyolia kwenye filamu. Watu wanakipenda kwa sababu yale yanayosemwa kwenye kochi mara nyingi yana utamu kuliko kilichopo kwenye kioo. Sisi kitu hicho tunacho kila jioni bila kamera. Cha ajabu ni kwamba wenzetu wa Dublin wakikifanya tunasema ni ubunifu, na watu wa Zirai wakikifanya tunasema wamepumbazwa.

Suleiman wa Vuga

Sasa tuje kwenye tamthilia, maana ndizo zinazobeba lawama.

Azam walipoonyesha ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman, iliyotiwa sauti za Kiswahili, mtu wa mbali angesema: jamani, Usambara na Istanbul wapi na wapi? Lakini kaeni na wazee wa kule muone. Kuna jirani yetu, mzee anayejua habari za kale, ambaye kila Suleiman alipogombana na wanawe yeye alikuwa anasema, "Hii ni Vuga hii." Na ana sababu. Usambara nayo ilikuwa na ufalme. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu aliyefukuzwa na ndugu zake kwa sababu alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia kuota, alifika milimani akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, akaua simba, wakamfanya mfalme Vuga. Ukoo wake ndio Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alikalia kiti, na Semboja, mwana wa Kimweri aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara na kujipatia bunduki, akamwondoa Vuga. Vita vya ndugu vikaichana nchi nzima.

Kwa hiyo Suleiman alipotoa amri ya kuuawa mwanawe Mustafa, mzee yule hakuona kitu kigeni. Aliona ugomvi wa urithi, akaanza kuwasimulia watoto habari za Semboja, jambo ambalo bila Suleiman asingepata nafasi ya kulisema usiku ule. Akina mama nao wakaligeuza kuwa suala la mitala: Hürrem ana haki au hana? Nilisikia hoja pale ambazo zingemfaa mwalimu yeyote wa sheria ya ndoa.

Wasomi wa mawasiliano wanalijua jambo hili. Katika miaka ya 1980 Elihu Katz na Tamar Liebes waliwaketisha watu wa makundi tofauti mbele ya tamthilia ya Kimarekani ya Dallas: Waarabu wa Israel, Wayahudi wenye asili ya Morocco, wahamiaji kutoka Urusi, watu wa kibbutz, na Wamarekani wenyewe. Kipindi kilikuwa kimoja, lakini kila kundi lilikisimulia kivyake, kwa kutumia mambo ya ukoo wake, imani yake na siasa yake. Mtazamaji si ndoo ya kumiminiwa. Nasi tunafundishwa haya darasani, tunajibu maswali, tunapata maksi, halafu tukifika nyumbani tunamwona bibi kama ndoo.

Na wenye televisheni wanajua thamani ya tamthilia kuliko sisi. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa Kiswahili. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja katika hotuba yake kwamba imewaonyesha Watanzania maisha ya kawaida ya Wachina. Rais wa nchi kubwa namna ile anataja ugomvi wa mkwe na mkamwana kwenye hotuba ya kimataifa! Yeye anajua hadithi ya nyumbani inafika pale ambapo tamko la wizara halifiki.

Nani amekaa, nani amesimama

Sitaki mseme nimepamba. Jioni hiyohiyo ina mambo yasiyopendeza, na nayasema kwa sababu yananipeleka kwenye hoja yangu kubwa.

Rimoti ina mwenyewe, naye ni baba mwenye nyumba. Siku ya mpira, tamthilia imekufa. Mechi ya Simba au Yanga ikigongana na sehemu ya mwisho ya tamthilia, hakuna kura inayopigwa. Wasichana wa nyumba wanaangalia kwa awamu: wakati wenzao wa kiume wamekaa tangu habari, wao wanaosha vyombo vya chakula cha jioni na kufunika moto. Mama anaingia tamthilia iko katikati, anauliza "kafanyaje huyu?", na watu watatu wanamsimulia kwa pamoja. Marudio yanaonyeshwa mchana, wakati yeye yuko shambani. Na watoto wenye mitihani hufanya kazi ya shule kwa kuibia mwanga wa runinga, jicho moja kwenye daftari.

Haya ni kweli na yanafaa kurekebishwa. Ila angalieni jambo moja. Kijijini kuna mahali pengine pa kuangalia: kibanda umiza. Mnakijua, chumba cha mabati na mabenchi, unalipa kiingilio, unaangalia ligi ya Uingereza au filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili na watu wa kazi ile, kama Lufufu alivyojijengea jina. Kibanda umiza ni cha wanaume na vijana wa kiume. Binti wa Zirai akionekana pale saa tatu usiku, kesho yake habari zake zitafika Muheza kabla ya basi la asubuhi. Bibi yangu hawezi kwenda. Mama hawezi kwenda.

Kwa hiyo televisheni ya sebuleni, pamoja na ubabe wa rimoti, ndiyo pekee inayowakalisha chini ya bati moja bibi, mama, binti, mjomba na jirani. Ikizima, wanaume wana pa kwenda. Wanawake wanabaki na giza.

Na inazima

Inazimwa na nini? Mara chache ni LUKU. Mara nyingi ni kifurushi.

Wenye umri wetu tunakumbuka kidogo enzi za analojia: unanunua seti, unapandisha antena kwenye mti, unazungusha mpaka picha itulie, basi. Hudaiwi tena. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam walianza kuzima mitambo ya analojia, mikoa mingine ikafuata, na tangu hapo bila king'amuzi seti yako ni meza ya kuwekea maua. Sisemi tuirudie analojia. Kwenye mabonde ya Usambara hata nayo ilikuwa inakoroma tu. Picha za dijitali ni safi na chaneli ni nyingi. Tatizo ni namna milima inavyokutana na aina za ving'amuzi.

Ving'amuzi viko vya aina mbili. Vya antena hupokea mawimbi kutoka kwenye minara ya nchi kavu, na mawimbi hayo hayapendi kupanda na kushuka. Mlima ukisimama katikati, yameishia hapo. Vya dishi hupokea kutoka kwenye satelaiti angani, kwa hiyo bondeni vinafanya kazi ilimradi dishi linaona mbingu upande unaotakiwa. Mtu wa Zirai hana uchaguzi. Ananunua dishi.

Sasa, leseni za kampuni zilizopewa kazi ya minara ya nchi kavu ziliweka sharti kwamba chaneli za kitaifa za bure zisikatwe hata kama mteja hajalipa. Leseni za dishi zilikuwa tofauti. Mwaka 2018 TCRA iliwaagiza wenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia waziondoe chaneli za bure, kama ITV, Channel Ten na Star TV, kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba na kuziuza ndani ya vifurushi. Kwenye karatasi hoja hiyo inaeleweka: huwezi kumwuzia mtu kitu cha bure. Lakini kwa mtu wa bondeni matokeo yalikuwa kinyume na nia. Aliyelindwa asiuziwe cha bure alibaki hana cha bure wala cha kununua, kwa sababu antena haimfikii.

Baadaye chaneli hizo zilirudi kwenye madishi. Ila swali la msingi halijajibiwa vizuri: kifurushi kikiisha, kinabaki nini? Kwa mjomba, kifurushi kinanunuliwa msimu wa iliki. Msimu ukipita kinanunuliwa mwezi huu, mwezi ujao hakinunuliwi. Kikiisha, kinachobaki kwenye kioo kinabadilika kila nikienda likizo. Mara chaneli moja ya habari ipo, mara haipo, mara yote ni ujumbe mweupe unaosema lipia. Nimewahi kupiga simu huduma kwa wateja kwa niaba ya nyumba nzima, nikaelezwa niongeze salio kwanza, tutaongea baadaye.

Na hapo ndipo nchi inapopotea. Mnakumbuka Januari 2016 waziri wa habari wa wakati ule, Nape Nnauye, alitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge kwa sababu ya gharama. Badala yake kukawa na kipindi cha usiku kinachorekodiwa, Leo katika Bunge, cha kuwafaa watu waliotoka kazini. Wengi tulibishana kuhusu uhuru wa habari, na mjadala ule ulistahili, maana kipindi kilichokatwa na kuhaririwa si sawa na kikao kizima. Mimi nachomoa jambo moja tu: serikali ilikiri kwamba mwananchi anapatikana usiku, mbele ya televisheni. Ukishakiri hivyo, huwezi tena kuiita jioni hiyo anasa. Umeigeuza kuwa ukumbi wa umma. Na ukumbi wa umma haufungwi kwa kufuli la kampuni eti kwa sababu iliki haikushika bei.

Sisi wa hosteli

Najua kuna atakayesema: mbona siku hizi kila kitu kiko kwenye simu, hata huko Zirai vijana wana simu? Ni kweli wanazo. Lakini simu ina bando, na bando ni kifurushi kwa jina lingine, tena kinaisha haraka zaidi. Na simu ni ya mtu mmoja. Chumbani kwetu hapa tuko sita, vitanda vitatu vya kupandana, na saa mbili usiku kila mmoja ana kioo chake na masikio yameziba. Mmoja yuko Korea, mmoja yuko kwenye mpira, mmoja anacheka kitu ambacho hatutakijua kamwe. Hakuna anayemuuliza mwenzake "anasemaje huyo?" Halafu sisi ndio tunaenda kuwahubiria wa Zirai kuhusu kufa kwa maongezi.

Sisemi tutupe simu. Nasema tupunguze mdomo.

Ninachokiomba

La kwanza ni kwa wenye mamlaka, TCRA na wizara. Chaneli za taifa za bure ziwe za bure kwenye kila aina ya king'amuzi, dishi likiwemo, na zibaki hewani kifurushi kikiisha. Gharama ya kuzibeba angani ipo, sikatai, na lazima ijulikane nani anaibeba. Lakini tumekubali kama taifa kuchangia umeme ufike kijijini kwa 27,000. Haina maana kufikisha umeme kisha kuacha kioo kikiwa cheusi.

La pili ni kwa wenye vituo. Kama mnajua kijiji kizima kimekaa kati ya saa mbili na saa nne usiku, tumieni Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la sita anaweza kukitafsiri bila jasho. Pangeni marudio ya tamthilia saa ambazo mama ametoka shambani. Na hadithi zetu zipo. Mwindaji kigego aliyefukuzwa kwao akawa mfalme, wajukuu waliopigana kwa bunduki za njia ya misafara: hii ina kila kitu alichonacho Suleiman, na milima yetu inapendeza kwenye kamera. Sijawahi kuiona kwenye tamthilia. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho na filamu hapa chuoni, mnasubiri nani aje aiandike?

La tatu ni kwetu. Serikali ya wanafunzi kila mwaka inapeleka madai ya boom, maji ya hosteli na intaneti ya maktaba, na ni sawa. Lakini TCRA huitisha maoni ya wananchi inapotunga kanuni, na maoni hayo hutolewa na watu wanaoweza kuandika barua rasmi yenye hoja. Bibi yangu ana hoja, barua hana. Sisi tuna barua. Wanafunzi wa sheria na wa habari wakikaa siku mbili, tunaweza kuwa na andiko la kurasa tano linalosema chaneli gani zinabaki na zipi zinakatika kifurushi kikiisha, kwenye vijiji vyetu wenyewe, kutoka Usambara mpaka Makete. Takwimu tutazikusanya likizo ijayo, kila mtu kwao, usiku mmoja tu: hesabu watu waliokaa, andika kilichopo kwenye kioo, andika kilichosemwa.

Ukifika kwenu, basi, kabla hujalalamikia tamthilia, uliza kifurushi kinaisha lini. Kama una chenji ya boom, lipia wewe mwezi huu. Halafu kaa mkekani usikilize.